Cheti cha Dirishani

Wizi? Hebu rudia. Jana ulilisema ukiwa umegeuza shingo, mdomo unaangalia barabarani, kama mtu anayetema ganda la muwa. Leo liseme ukiniangalia mimi.

Ulikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Ukakuta cheti cha kaka yangu kiko juu ya mashine, ukakisoma bila kuombwa, ukacheka kwa pua. "Aa, si kile cha dirishani? Kile cha wizi?" Ukachukua kopi zako ukaondoka, mimi nikabaki nimeshika stepla, napima umbali wa kisogo chako.

Sikurusha. Stepla ni ya mwenye duka.

Ila ugali wa mchana haukushuka. Nikaona bora niandike. Nikiongea hasira inanipanda, naanzia mwisho narudi mwanzo, watu wanabaki wanaulizana nani alimpiga nani. Hakuna aliyepigwa. Karibu, lakini hakuna. Nikiandika angalau nakwenda hatua kwa hatua, na wewe utasoma ukiwa umekaa, huna pa kugeuzia shingo.

Mwanzo pale machimboni palikuwa shamba la mtama na njia ya ng'ombe kwenda majini, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka kwetu Nyansurura. Mtu mmoja akaokota jiwe lenye macho ya dhahabu. Jioni ile walikuwa watu kumi, wiki ile walikuwa hawahesabiki, na hiyo ndiyo inaitwa rashi: unalala jirani na mtama, unaamka jirani na mtu wa Kahama. Maturubai ya bluu mpaka mlimani. Karasha za kusaga mawe zinaunguruma kutwa. Kinyozi, chipsi, kanisa lenye spika kubwa kuliko kanisa lenyewe. Na chuo.

Ndiyo, chuo. Tajiri mmoja aliona vijana wana pesa na hawana karatasi, akakodi vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na nondo, akavusha kompyuta saba zilizotumika kupitia mpaka wa Sirari, akatundika bango: CHUO CHA KOMPYUTA. WODI, EKSELI, INTANETI. MIEZI MITATU UNA CHETI. Pembeni pamechorwa kompyuta, na aliyechora nina uhakika alikuwa amesimuliwa tu. Ilitoka kama redio yenye meno.

Sisi tulicheka lile bango mpaka tukakaa chini. Kaka yangu alicheka kuliko wote. Wakati huo alikuwa na miguu miwili mizima.

Duka ninalofanyia kazi, la kuchapa barua na kutoa kopi, lilihamia machimboni mwezi wa pili wa rashi. Na tuelewane mapema: mimi sina cheti cha kompyuta. Niliajiriwa kufagia na kupanga foleni. Siku moja mwenye duka alienda msibani upande wa Kenya akakaa huko wiki nzima, watu wakaja na barua zao, nikakalia kiti chake. Barua ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja anayeomba kibali cha sherehe ya harusi. Ilinichukua kutwa, na ikatoka yote kwa herufi kubwa kwa sababu sikujua kile kitaa cha kijani kwenye kibodi kinataka nini. Mzee akaisoma, akatikisa kichwa, akasema, "Safi sana. Inaonyesha nimesisitiza." Kuanzia hapo hakuna aliyenifundisha kitu. Nimejifunza kwa kuharibu.

Kaka yangu yeye alikuwa mchimbaji. Wewe hujui duara, kwa hiyo nikueleze. Duara ni lile shimo la mchimbaji, linashuka chini mpaka aliye juu anakuwa kitobo cha mwanga. Anayeshuka ana mwenzake wa kushika kamba, na kuna sheria moja tu. Kabla hujatoa mguu ukingoni unauliza, "Kamba?" Mwenzako anajibu, "Nipo!" Usiposikia "Nipo" hushuki. Tajiri wa duara anaweza kukutukania mama yako, hushuki. Na ukiwa chini, kabla hujagonga jiwe usiloliamini, unauliza tena. "Kamba?" "Nipo!" Unagonga.

Siku ukuta ulipomkalia kaka yangu, alikuwa ameuliza na amejibiwa. Ndiyo maana mwenzake juu alikuwa ameshika kwa mikono miwili. Ile kamba ilimchuna viganja mpaka nyama ikaonekana, hakuachia, akapiga kelele mpaka wengine wakaja. Walimtoa kaka yangu na mguu mmoja mzima na mwingine umesagika kuanzia kwenye kifundo. Ukisikia watu wanasema ile "Kamba? Nipo!" ni mchezo wa wachimbaji, mimi nakwambia ni tofauti kati ya kaka na kaburi.

Alipotoka hospitali alikaa nyumbani na mama, anachonga fimbo. Alichonga fimbo mpaka ng'ombe wakaanza kuwa na wasiwasi. Halafu siku moja nikamkuta anapangusa tochi yake ya kichwani, ile ya kushukia chini.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Duarani. Mguu umepona."

Mguu umepona! Alikuwa anatembea kama meza yenye mguu mfupi.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia. Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Issenye, mteja wangu wa kuchapa mitihani. Wiki hiyo hiyo akaniambia anatafuta mchapaji wa ofisini, mtu wa kukaa, mtulivu. Mimi, bila kumeza mate, nikasema, "Kaka yangu."

"Anajua kompyuta?"

"Sana."

"Ana cheti?"

"Anacho."

Kaka yangu wakati huo hajawahi kushika hata kikokotoo. Mwalimu mkuu akafurahi, akasema basi akilete shule zikifunguliwa, miezi mitatu na siku chache kutoka siku hiyo, nafasi atamwekea. Nikarudi nyumbani nikakaa mbele ya kaka nikamwambia yote, pamoja na uongo. 

"Yaani umenipa kazi ambayo siijui, kwa karatasi ambayo sina."

"Ndiyo."

"Sawa. Nitasoma. Lakini nikifeli, mura, usinizuie. Nikifeli nashuka." Ananiita mura, kijana wa kiume, anaposema jambo zito, na mimi ni msichana.

Basi nikawa nimeshikilia hapo. Akipata cheti, anakaa juu ya ardhi. Akikosa, anarudi shimoni na mguu ule, na atakayekuwa amempa hilo tumaini ni mimi.

Sasa, darasa. Ningependa ungeliona. Wanafunzi karibu wote wachimbaji, wametoka zamu ya asubuhi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, wamekaa mbele ya kompyuta kama watu walioitwa kituoni kutoa maelezo. Mwalimu alikuwa mama mmoja kutoka Tanga, tulimwita Madamu, Kiswahili chake laini mpaka vijana walikuwa wanamwomba arudie siyo kwa sababu hawajaelewa, wanataka tu kusikia. Siku ya kwanza akawaambia, kwa sauti ile ya asali, kwamba hapa lazima mtu awe mwangalifu, kwa maana ukifanya kosa kabla hujasevu, kazi yako yote inapotea.

 Mmoja akanyoosha mkono.

"Madamu, inapotea yote?"

"Yote."

"Na ukishapoteza huwezi kuifukua?"

"Pengine huwezi."

Wakaangaliana. Hakuna aliyetoa amri. Wakajipanga wawili wawili, kila kompyuta mmoja amekaa, mmoja amesimama nyuma yake. Na yule aliyekaa, kabla hajabonyeza kitu cha hatari, kusevu, kufuta, kuprinti, anauliza, "Kamba?" Wa nyuma anajibu, "Nipo!" Anabonyeza.

Madamu akashika kichwa. "Jamani, hili si shimo. Hii ni kibodi."

"Madamu, si umesema kila kitu kinapotea?"

"Nimesema."

"Basi ni shimo."

Wiki nzima alijaribu kuwaachisha. Wiki ya pili nilimsikia mwenyewe, yuko peke yake anafuta faili za zamani, ananong'ona, "Kamba?"

Mwenzake kaka yangu, yule yule wa viganja, alikuwa amejiandikisha naye, ili tu amshikie. Alisimama nyuma ya kile kiti kama askari. Lakini kukatangazwa rashi nyingine mkoa wa jirani, na mchimbaji akisikia rashi ni kama ng'ombe akisikia chumvi. Akamuaga kaka kwa kumkumbatia, akapanda bodaboda. Siku hiyo kaka yangu alikaa mbele ya kompyuta, hakuna mtu nyuma. Akainuka. Akachukua fimbo yake akatoka.

"Siwezi kushuka peke yangu," akaniambia dukani. Hakuwa anatania. 

Nikafunga duka. Saa nane mchana, wateja watatu kwenye foleni, mmoja ana haraka ya mahakamani. Nikafunga. Nikamshika kaka mkono nikamrudisha darasani, nikamkalisha, nikasimama nyuma yake.

Uuwi! Ungesikia kelele. Kwenye duara mwanamke hasogei ukingoni, ni mwiko, wanasema dhahabu inakimbia. Sasa mwanamke ameshika kamba! Jamaa mmoja mwenye jino la mbele limeng'oka akasimama.

"Dada, toka hapo. Mwanamke hashiki kamba. Dhahabu itakimbia."

"Dhahabu gani iko kwenye Wodi?" nikamuuliza. "Nionyeshe iko ukurasa wa ngapi, mura, nitoke."

Darasa likapasuka. Hata yeye alicheka, na lile pengo likacheka naye. Lakini wakanyamaza haraka, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameweka kidole juu ya kibodi. Bila kugeuka akauliza, taratibu:

"Kamba?"

"Nipo."

Akabonyeza. Kazi ikasevu. Tukakaa wote tunasubiri dari ianguke. Haikuanguka. Yule mwenye pengo akasema, "Haya, huenda ya kompyuta haikimbii," akarudi kwenye mashine yake.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafunga duka saa nane mpaka saa tisa na nusu kila siku. Mwenye duka nilimwambia ni tumbo. Sikumfundisha kaka yangu, na hili lisikie vizuri. Nilikuwa najua zaidi yake, nilikuwa naona kosa linakuja kama unavyoona mtoto anakimbilia jiko, na nilikuwa nauma ulimi. Mshika kamba haelekezi pa kugonga. Anashika tu. Mara moja tu nilifungua mdomo, nikasema, "Siyo hapo," akatoa mikono kwenye kibodi akageuka. "Uko juu au uko chini?" Nikasema niko juu. "Basi kaa juu."

Na alijifunza, mura! Vidole vile vinene, kimoja kilikuwa kinabonyeza herufi mbili kwa pamoja, vikajifunza kutua. Ukurasa wa kwanza aliouprinti kwa ajili yake mwenyewe uliandikwa majina ya ng'ombe wetu, kwa mpangilio wanavyoingia zizini jioni. Madume aliyakoleza wino. Nikampelekea mama, nikamsomea mmoja mmoja, mama anafuata kwa kichwa kama yuko mlangoni mwa zizi. Nilipomaliza akasema, "Amemsahau yule wa pembe iliyovunjika." Kesho yake kaka akafungua ule ukurasa, akapasua nafasi katikati, akamwingiza wa pembe iliyovunjika mahali pake, bila kugusa wengine. Alivyoona wale wa chini wamesogea wenyewe kumpisha, alicheka mpaka machozi. "Wanapishana! Angalia, wanapishana kama kweli!"

Basi siku ya mtihani ikafika. Msimamizi alitoka Musoma, mwanamume wa makamo, sweta la kufuma, begi jeusi amelikumbatia kama lina mtoto. Jambo la kwanza alilosema:

"Mtu mmoja, mashine moja. Wengine wote nje. Atakayesema neno, nafuta mtihani wake."

Madamu akajaribu kumweleza. Akamkatisha kwa kiganja. Madamu akatoka, akanishika bega. "Mwanangu, nakujua. Naomba uniahidi. Usifungue kinywa."

Nikaahidi. Nikakunja pembe ya kanga nikaiuma. Dirisha la chuo halina kioo, lina wavu, nikajibandika hapo. Wenzangu washika kamba walichuchumaa chini kwenye ukuta, kimya, kama wako ukingoni kweli. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta inanguruma nyuma ya duka la nondo, na mafuta yalikuwa kidogo. Bodaboda ilikuwa imetumwa petroli, haijarudi.

Walianza saba, wale wanaokaa. Barua ya maombi, jedwali la ratiba ya vipindi, usevu, uprinti. Kaka yangu alimaliza kuandika wakati jirani zake wako kwenye jedwali. Nilikuwa namuona kwa upande. Barua imenyooka. Jedwali limenyooka. Kilichobaki ni kusevu.

Kidole kikaenda juu. Kikasimama.

Nyuma yake hakuna mtu.

Kidole kikashuka, kikapanda tena. Jasho likamteremka kando ya sikio. Akasema chini chini, "Kamba?"

"Kimya!" msimamizi akasema.

Na jenereta ikakohoa. Unajua kile kikohozi? Inavuta pumzi, inafikiri, inaendelea. Nje wote tukageuza vichwa barabarani. Bodaboda hakuna. Ikakohoa mara ya pili, taa za kompyuta zikapepesa. Niliona yote, nakwambia. Niliona ile barua inazimika, niliona ile tochi ya kichwani iliyopanguswa, niliona ukingo. Kanga nimeiuma mpaka nasikia ladha ya rangi.

Kaka yangu akanyoosha mgongo, akaita kwa sauti ya duarani, ile inayotoka chini kabisa:

"KAMBA?"

Kanga ikanitoka yenyewe.

"NIPO!"

Akabonyeza. Na hapo hapo, kama majogoo wanavyoitikiana, mashine ya pili, "Kamba?" Kutoka chini ya dirisha, "Nipo!" Ya tatu, "Kamba?" "Nipo!" Yule mwenye pengo, "Kamba, mura?" "Nipo, gonga!" Chumba kizima kinaita, ukuta mzima unaitika, msimamizi anazunguka katikati na begi lake kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Wa saba alipobonyeza, jenereta ikakohoa mara ya mwisho. Ikanyamaza. Giza kwenye vioo vyote.

Mimi nilikuwa nacheka. Sikuweza kujizuia. Tumewahi!

"Nani huyo dirishani?"

"Mimi."

"Ingia ndani."

Nikaingia. Ametoa kalamu, amefungua daftari.

"Sema kweli. 'Nipo' ni jibu la swali la ngapi?"

"Siyo jibu la swali, mzee. Ni jibu la kamba."

"Kamba gani?"

Akainama akaangalia chini ya meza. Naapa. Alikuwa anaitafuta. Vijana wakaanza kutikisika mabega, na hiyo ndiyo ikamkasirisha kabisa. Akaandika kwenye daftari, nikasoma nikiwa nimepinda shingo: udanganyifu.

Hapo sikumbuki vizuri. Naambiwa nilimwambia sweta lake limefumwa na adui yake. Naambiwa nilimwambia kwamba angekuwa anashuka shimoni na yeye angeuliza, tena angeuliza kwa kulia. Nilikuwa nimeshafika karibu na lile begi wakati mkono wa kaka yangu uliponikamata kwa nyuma, kwenye kola.

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Kaka yangu akasimama vizuri kwenye fimbo yake. Katikati ya ule ugomvi wote, akasema, "Shikamoo mzee."

Msimamizi akajikuta ameitikia. "Marahaba."

"Huyu ni mdogo wangu. Mdomo anao, wizi hana. Aliyeita ni mimi. Hawa sita walinifuata tu. Mzee, umeme ukirudi nipe swali jingine, ambalo liko kichwani mwako na hakuna aliyelisikia. Huyu mpeleke mbali. Nikishindwa, futa jina langu, wenzangu waache."

Yule mzee alimtazama, akatazama mguu. Akafunga kalamu.

"Apelekwe ng'ambo ya barabara," akasema. "Mbali na dirisha."

Madamu akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye karasha, ambapo huwezi kusikia hata mawazo yako. Mlango wa chuo ulikuwa wazi, nilikuwa naona mgongo wa kaka yangu, mdogo kama kiberiti. Bodaboda ikaja na petroli. Jenereta ikawaka. Akaanza. Nilikula hindi zima la kuchoma ambalo mpaka leo sijui nani alilinunua. Mwendesha karasha, mweupe kama mzimu kwa vumbi, akaniinamia akapiga kelele, "Unalia nini?"

"Silii! Ni vumbi lako!"

Nikaona msimamizi anazunguka, anazunguka, halafu anasimama nyuma ya kaka yangu, anasoma. Hakutoka hapo tena. Halafu mkono wa kaka yangu ukasimama. Nikajua yuko kwenye kusevu. Madamu alikuwa amenishika kiganja, nikasikia kucha zake zinaingia. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Hata ningepiga kelele, karasha ingezimeza. Kichwa cha kaka kikageuka kidogo. Kikakaa hivyo.

Muda ukapita. Mawe yakasagwa.

Halafu nikaona karatasi nyeupe inainuka kwenye printa, na kaka yangu, bila kugeuka, akanyoosha mkono juu kama alivyofanya zamani akitolewa shimoni na jiwe zuri. Nilivuka ile barabara sijui vipi. Bodaboda mbili zilinitukana.

Aliyonisimulia ni haya, na Madamu baadaye alimuuliza msimamizi, hakukana. Swali alilopewa lilikuwa: andika ukurasa kuhusu kazi unayoijua, weka kichwa cha habari na jedwali. Kaka yangu akaandika JINSI YA KUSHUKA DUARANI NA KUTOKA. Jedwali lake lina safu tatu: anayeita, anayejibu, na kinachotokea asipojibiwa. Hiyo safu ya tatu haina maneno mengi. Msimamizi alisoma yote, herufi kwa herufi, jinsi zilivyokuwa zinatoka. Kwa hiyo kidole kiliposimama, alijua kimesimama kwa nini.

"Nikamuuliza," kaka akasema. "Nikamwambia, 'Kamba, mzee?' Akalikumbatia begi lake. Nikasema basi, nimekwisha. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu anamwona. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeonja neno la lugha ya watu: 'Nipo.'"

Alifaulu. Alama zake siyo za kuringia, jedwali lilikuwa na mstari mmoja umezidi. Wale sita nao, faili zao zilifunguliwa, kila mtu amekutwa na makosa yake mwenyewe, hakuna mawili yanayofanana. Msimamizi alirudi Musoma na kopi moja ya ule ukurasa ndani ya begi. Aliiomba. Alisema, "Kama hutajali."

Shule zilipofunguliwa kaka yangu alikuwa mlangoni pa mwalimu mkuu kabla ya kengele. Mpaka leo yuko pale Issenye, anachapa mitihani, juu ya ardhi. Meza ya jirani kuna mama mhasibu aliyehamishwa kutoka Mbeya. Nilimtembelea juzi, nikasikia kaka anasema "Kamba?" na yule mama, bila kuinua macho kwenye makaratasi yake, "Nipo." Ile tochi ya kichwani, mama yetu nyumbani anaitumia kutafutia mayai.

Sasa wewe. Swali lilikuwa la msimamizi. Maneno yalikuwa ya kaka yangu, vidole vyake, makosa yake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na hindi mdomoni. Cheti kiko pale pale juu ya mashine, nimekiacha makusudi. Njoo foleni ikiwa ndefu, geuza hiyo shingo huku, uniambie mbele ya watu: aliiba nini?